Nguo ya Juu Ifanye Kazi

Kutulo hakuna bahari wala mto. Ukitoka Wajir kuelekea El Wak unaiacha Tarbaj nyuma, unapita mchanga mwekundu na vichaka vya miiba, na maji utakayoyakuta njiani ni ya kisima, au ya silanga iwapo mvua imenyesha. Aliyekulia huko hana sababu ya kujua vazi la kuogelea likoje. Mimi nilikulia huko, na leo kazi yangu Mombasa ni kushona mavazi ya kuogelea.

Wateja wangu wengi ni akina mama wanaotaka burkini za kwendea ufukweni na watoto wao Idi ikifika. Wachache huja jioni, duka likikaribia kufungwa. Hao ni wanawake kama mimi: transijenda, yaani tuliozaliwa tukaandikwa wavulana, tukajijua na kuishi kama wanawake. Huenda msomaji alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika kesi ya Audrey Mbugua, pale Mahakama Kuu ilipoliamuru Baraza la Mitihani mwaka 2014 libadilishe jina kwenye cheti chake. Mambo ya cheti yalijaa magazetini. Swali wanalokuja nalo wateja wangu halikuandikwa popote, nalo ni dogo na la aibu: nivae nini niingie majini, sehemu ya mbele isionekane, na nisijiumize?

Nilifundishwa cherehani na eedo wangu, dada yake baba. Nyumbani Kutulo wanawake huvaa baati nyepesi ndani ya nyumba, jilbabu wakitoka, na siku ya harusi dirac juu ya gorgorad, ile sketi ya ndani yenye marinda mengi. Nilizishona zote kabla sijathubutu kuvaa hata moja. Hakuna kati ya hizo inayochora umbo la mwili kuanzia kiunoni kwenda chini. Kitambaa kinaning'inia, upepo unapita, na macho ya watu yanaishia kwenye rangi na nakshi. Hilo ndilo somo nililokuja nalo pwani, na bado ndilo ninalowaambia wateja: kazi kubwa ya kuficha iachiwe nguo ya juu, ili nguo ya ndani isilazimike kuubana mwili hadi uumie.

Tuseme wazi kubana kwenyewe ni nini. Mtu husukuma korodani taratibu zipande kwenye njia zake mbili za kinena, zile zilizoshukia alipokuwa tumboni mwa mama, kisha huurudisha uume nyuma katikati ya miguu na kushikilia vyote kwa chupi ya kubana. Wengine huziacha korodani zilipo na kurudisha kila kitu nyuma. Njia ya pili haitoi ubapa kamili, lakini haina vurugu, na kwa vazi lenye marinda au kisketi inatosha kabisa. Ukitaka kuzipandisha, lala chali, uwe umetulia na mwili una joto la kawaida, kwa sababu baridi na hofu huukaza mfuko wa korodani. Zisipopanda, usizilazimishe. Mwenye ngiri, au aliyewahi kupasuliwa kinena, azungumze na daktari kabla ya kujaribu.

Sasa chupi. Mteja mmoja kijana aliniambia, “Dada, nataka ibane kabisa, isibaki hata alama.” Nikamuuliza, “Ukikaa utapumua? Ukibanwa na haja utaivua peke yako?” Akacheka, lakini hayo ndiyo maswali ninayopimia kila nguo ya aina hii. Chupi za kike za dukani zina kipande chembamba mno katikati ya miguu. Ukikivuta kikaze, kinageuka kamba na kukata ngozi. Mimi hukiongeza upana kama vidole viwili na kukitia kitambaa cha pamba upande wa ndani, kisha nakirefusha hadi juu ya makalio ili mvuto ugawanyike sehemu kubwa badala ya kukaa kwenye mstari mmoja. Mbele natia tabaka mbili. Lastiki ya miguuni huwa pana na iliyofunikwa, na ni lazima vidole viwili vipite chini yake mteja akiwa amekaa. Akiwa amesimama kila nguo inakaa vizuri. Kipimo cha kweli ni kiti.

Kwa vazi la majini pamba haifai, maana hunywa maji na kulegea. Tafuta nailoni au poliesta iliyochanganywa na lycra, inayovutika kwa urefu na kwa upana. Ivute mbele ya taa: ukiona vidole vyako upande wa pili, ikilowa itaonyesha zaidi. Nyeupe na rangi za maziwa ziache dukani. Rangi nzito husaidia, lakini maua makubwa husaidia zaidi, na kinachozishinda zote ni marinda madogo yaliyokusanywa mbele ya tumbo na kinena, kwa kuwa jicho halijui kivuli kipi ni cha kitambaa na kipi ni cha mwili. Kisketi kifupi kilichoshonewa juu ya chupi, au kaptura fupi ya kuogelea juu yake, hufanya kazi ambayo lastiki tatu haziwezi.

Vazi la kipande kimoja lina mtego wake. Wengi wetu tuna viwiliwili virefu kuliko vile ambavyo viwanda vilikusudia, kwa hiyo vazi linavutwa kutoka mabegani na kukaza katikati ya miguu mchana kutwa. Pima kwa utepe kuanzia juu ya bega, upite mbele, katikati ya miguu, urudi nyuma hadi bega lilelile. Kipimo hicho kina maana kuliko saizi iliyoandikwa kwenye lebo. Kama hukipati, chagua vipande viwili: blauzi ndefu na chupi yenye sketi. Msalani utajishukuru.

Ufukweni kuna jambo linalonifurahisha. Nenda Jomo Kenyatta, pale watu wanapopaita Pirates, siku ya sikukuu. Wanawake wa kila kabila wameingia majini na madera na leso kiunoni, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Transijenda anayedhani ni lazima avae bikini ili aonekane mwanamke hajautazama ufukwe wetu vizuri. Dera tu lina hatari yake: likilowa huwa zito, hukamata miguu na kumvuta mtu chini. Kwenye maji ya magotini halina neno. Kwa anayetaka kuogelea kweli, burkini ndiyo jibu langu la kwanza, kwa transijenda na kwa yeyote mwingine. Aheda Zanetti aliibuni Australia mwaka 2004 kwa ajili ya wanawake Waislamu: suruali, na juu yake kanzu fupi inayofika mapajani, vyote kwa kitambaa cha kuogelea kisichobeba maji. Hiyo kanzu inafunika palepale tunapotaka pafunikwe, na ndani yake chupi ya kubana kiasi inatosha. Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa kambi ya Kakuma, alipigwa picha akiwa na burkini katika fukwe za Watamu kwa toleo la mwaka 2019 la jarida la Sports Illustrated. Miaka miwili baadaye Leyna Bloom, mwanamke transijenda, alikuwa kwenye jalada la toleo kama hilo. Sijui ni wangapi Kutulo walioziona picha hizo. Mimi nilizibandika juu ya cherehani.

Kuhusu utepe wa gundi nitakuwa mkali. Utepe wa kufungia katoni hauna nafasi kwenye ngozi ya mwanadamu, hasa ngozi hiyo. Anayeng'ang'ania atumie utepe wa hospitali wa kitambaa, apunguze nywele kwanza, asiuweke penye mchubuko, na auondoe kwa maji ya uvuguvugu na mafuta bila kuuvuta. Majini hulegea vilevile, kwa hiyo sioni faida yake.

Joto nalo ni adui. Kwetu miezi ya kiangazi hupita nyuzi 35, na Mombasa hupungua kidogo tu lakini huongeza unyevu. Chupi iliyobana na jasho huleta harara, michubuko na fangasi. Nguo iliyolowa ivuliwe mara utokapo majini. Usipande nayo matatu hadi Changamwe. Saa chache zinatosha, kisha uupe mwili nafasi, na usilale umejibana hata kidogo. Kosa baya zaidi ninaloliona ni la wanaoacha kunywa maji ili wasihitaji choo. Mkojo ukikaa kwenye kibofu mchana kutwa hukaribisha maambukizi ya njia ya mkojo. Na kwa anayetumia spironolactone ya kupunguza homoni za kiume, dawa hiyo yenyewe humfanya akojoe zaidi, kwa hiyo kujinyima maji kwenye jua la namna hii ni kujitafutia kuzimia. Kuna la uzazi pia. Korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili ili zitengeneze mbegu, na kuzipandisha kila siku hupunguza mbegu hizo. Anayewaza kupata mtoto wake wa kumzaa alifikirie hilo mapema.

Kuhusu nguo za kuumba umbo sitachukua muda. Koseti ni ya nchi kavu. Ukiingia nayo majini kifua hakipanuki, na muogeleaji asiyeweza kuvuta pumzi ndefu yuko mashakani. Hata nchi kavu, ukihisi ganzi mapajani au kiungulia, ilegeze. Padi za nyonga za sponji hunywa maji na kuning'inia. Za silikoni haziloi lakini ni nzito. Matiti ya silikoni huvumilia bwawa yakiwa ndani ya mfuko ulioshonewa kwenye sidiria, na yasuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi baadaye, pamoja na vazi lenyewe, kwa kuwa klorini na chumvi huila lycra. Usilikamue wala usilianike juani. Na kama ni harusi, si bahari, gorgorad ya kwetu itakupa nyonga ambazo hakuna padi itakayokupa, nawe ukila pilau kwa raha zako.

Kuna mahali pa kuvaa na mahali pa kutovaa. Sitamwambia binti aliyeko Kutulo leo ajianike. Nendeni mnakojulikana, mwende wawili au watatu, na muwe mmekubaliana mtaondoka vipi.

Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani moja, pamoja na kichefuchefu, si ya kusubiri asubuhi. Huenda korodani imejisokota na damu haipiti, na madaktari wana takriban saa 6 za kuiokoa. Vua nguo, nenda hospitali, mwambie muuguzi ulikuwa umevaa nini bila kuficha. Atakuwa ameona makubwa zaidi.

Na wewe fundi mwenzangu, iwe uko Suuq Mugdi pale Garissa, Eastleigh au Kongowea: akija mteja wa namna hii jioni, mpime kama unavyowapima wengine, ongeza vidole viwili katikati, na kabla hajalipa mwambie akae kwenye kiti.