Sleep haipangi amri foleni

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mtu ameandika programu ya mauzo kwa C# au VB.NET, ameweka kitufe cha "Funga siku", na kitufe hicho kinatakiwa kufanya mambo matatu: kutoa nakala ya kanzidata kwa mysqldump, kuibana kwa 7-Zip, kisha kuipeleka kwenye flashi. Akifungua dirisha jeusi na kuziandika amri hizo kwa mkono, zinakubali. Akiziita kutoka kwenye programu yake, ya pili inaanza kabla ya kwanza haijamaliza, au inalalamika kwamba faili halipo. Ndipo anauliza: "Niweke Sleep ya sekunde ngapi katikati?"

Namba hiyo haipo. Si tano, si kumi, si thelathini, na anayekutajia mojawapo hajakusaidia.

Sleep inailaza programu yako, basi. Haiulizi mysqldump imefika wapi. Haijui hata kama imeanza. Umejaribu kwenye laptopu yako yenye SSD na kanzidata ya majaribio yenye bidhaa chache, ikachukua sekunde mbili, ukaandika Thread.Sleep(5000) ukaona umeacha nafasi ya kutosha. Kule dukani kompyuta ina diski ya zamani, antivirusi inakagua kila faili linaloandikwa, na baada ya mwaka jedwali la mauzo limejaa. Sekunde ya tano inapofika, mysqldump iko katikati ya jedwali hilo. 7-Zip inaanzishwa, na hapo ama inakataa kwa sababu faili limeshikwa, ama inabana nusu iliyoikuta. Nusu iliyobanwa hivyo inafunguka vizuri kabisa, haina dalili yoyote ya ubovu, mpaka siku utakapotaka kurejesha data.

Ukitaka kuona mwenyewe, fungua faili la .sql uteremke hadi chini kabisa. Kwa kawaida mysqldump ikimaliza salama huacha mstari wa mwisho unaoanza na maneno "-- Dump completed on", yakifuatiwa na tarehe na saa. Kama hukuyazima maelezo hayo kwa makusudi na mstari haupo, ulichonacho ni kipande.

Sasa tuseme sekunde zilitosha. Bado hujatibu kitu, kwa sababu kumaliza na kufaulu ni mambo mawili. Neno la siri la kanzidata limebadilishwa; mysqldump inaandika kosa 1045 na kuondoka papo hapo. Sleep inakaa sekunde zake zote tano, kisha inaruhusu amri inayofuata kana kwamba hakuna kilichoharibika. Kibaya zaidi, alama ya > ambayo wengi huitumia hufuta yaliyomo kwenye faili kabla mysqldump haijaanza kazi. Nakala ya jana, iliyokuwa nzima, imeshakuwa baiti sifuri. Inabanwa, inapelekwa kwenye flashi juu ya ile nzima, na kwenye kioo mwenye duka anasoma "Bekapu imekamilika". Nimewahi kuletewa flashi ya namna hiyo na mtu aliyeibiwa kompyuta ya duka. Alikuwa na uhakika kwamba madeni ya wateja wake yote yamo humo. Ndiyo maana ushauri wa Sleep siuvumilii.

Hasara nyingine inaonekana machoni. Ukiiweka Sleep kwenye uzi ule ule unaochora dirisha, dirisha linaganda. Windows hulihesabu dirisha kuwa limekwama lisipoitika kwa sekunde tano hivi, na keshia anayeona "Not Responding" hubonyeza X. Huwezi kumlaumu keshia hapo.

Kuna wale ambao hata Sleep ya saa nzima isingewasaidia, kwa kuwa tatizo lao halihusu muda. Wanaanzisha cmd ya kwanza kwa "/c cd C:\Bekapu", kisha cmd ya pili kwa mysqldump, halafu wanashangaa faili linaangukia folda nyingine. Kila Process.Start inazaa mchakato mpya. Mchakato huo unapewa nakala yake ya folda ya kazi na ya vigeu vya mazingira, unazibadilisha utakavyo, na ukifa unakufa nazo. Mzazi hajui kilichobadilika. cmd ya pili imerithi kutoka kwenye programu yako, si kutoka kwa cmd ya kwanza. Ni hivyo hivyo kwa amri ya set, pamoja na PATH uliyoipanga kwa uangalifu.

Jambo hili liliwahi kuwanasa hata waliounda Unix. Dennis Ritchie alisimulia katika makala yake ya mwaka 1979 kwamba walipoleta utaratibu wa kuzaa michakato kule Bell Labs, amri yao ya kuhama folda iliacha kufanya kazi. Ilikuwa programu ya kujitegemea: inazaliwa, inahama yenyewe, inakufa, na aliyeiita anabaki pale pale. Dawa ilikuwa kuifanya amri ya ndani ya mfasiri wa amri. Ndiyo sababu hata leo kwenye Windows hutakuta cd.exe, cd imo ndani ya cmd yenyewe. Waliokulia kwenye MS-DOS wana udhuru kidogo, maana kule folda ya kazi ya kila diski ilikuwa moja kwa mfumo mzima. Windows ya leo haiko hivyo.

Sasa njia zenyewe. Ya haraka: amri zote ndani ya cmd moja, zikiunganishwa kwa &&, kwa mfano cmd /c "cd /d D:\Bekapu && amri ya kwanza && amri ya pili". Alama && inaruhusu inayofuata pale tu iliyotangulia imefaulu; & moja hairuhusu wala haizuii, inaendelea tu. Usisahau /d, la sivyo hutahama diski. Amri zikizidi tatu, ziweke kwenye faili la .bat, kila moja ifuatwe na "if errorlevel 1 exit /b 1", na ukiita .bat nyingine tanguliza call, maana bila hiyo hutarudi. Kuna wanaoifungua cmd moja na kuilisha amri kupitia ingizo lake; inawezekana, ila kujua ipi imeshindwa ni kazi ngumu bila sababu.

Njia ninayoitaka mimi ni kuachana na cmd. Anzisha mysqldump.exe moja kwa moja, taja WorkingDirectory, subiri kwa WaitForExitAsync (ipo tangu .NET 5) ili dirisha lisigande, soma ExitCode, na kama si sifuri simama hapo hapo umwambie mtumiaji ukweli. Wenye Python wana subprocess.run yenye cwd na check=True. Alama ya > haitafanya kazi hapa kwa sababu ni ya cmd. Mysqldump itakujibu kwamba haioni jedwali linaloitwa ">". Tumia --result-file, ukiandika kwenye jina jipya lenye tarehe. Hoja zipitishe moja moja kwa ArgumentList: duka likiitwa "Baba & Wanawe" na jina hilo likaingia kwenye amri ya cmd bila alama za kunukuu, cmd itaikata amri katikati na kujaribu kuendesha programu iitwayo Wanawe. Neno la siri liweke kwenye faili la --defaults-extra-file, ambalo ni lazima liwe hoja ya kwanza. Ukielekeza matokeo kwenye programu yako, yasome huku mchakato ukiendelea. Ukisubiri kwanza usome baadaye, mfereji wa matokeo hayo ukijaa, programu yako na mchakato huo vyote viwili vinakwama.

Anayenakili kwa robocopy atazame namba zake kwanza: 1 maana yake mafaili yamenakiliwa, na kushindwa kunaanzia 8. Ukiiunganisha kwa && itasimamisha kazi siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.