Salvia Nyekundu katika Nchi ya Ugogo

Katika bustani za Dodoma, mbele ya nyumba na ofisi, huonekana maua mekundu yaliyosimama kwa masuke, nayo huitwa yote kwa jina moja, salvia. Jina hilo lafunika mimea miwili isiyofanana kwa tabia. Asiyejua tofauti yake hupoteza fedha, na katika nchi hii hupoteza na maji pia.

Neno lenyewe latokana na Kilatini, *salvus*, maana yake mzima, mwenye afya. Warumi walilitumia kwa mmea mwingine wa ukoo huu, uliokuwa dawa kwao. Yetu mekundu yamerithi jina tu, wala hayapandwi kwa tiba. Basi mwalimu anayefasiri jina hilo darasani na aongeze neno, mtoto asije akaenda kuchemsha majani. Ukoo wake si mgeni kwetu hata kidogo. Mpe mwanafunzi shina alizungushe vidoleni, ataona lina pembe nne, kama shina la kivumbasi, la mrehani na la nanaa.

Salvia ya kwanza wataalamu huiita *Salvia splendens*, yaani ing'aayo. Kwao ni Brazil, katika misitu yenye unyevu. Majani yake ni mapana na laini, masuke yamesongamana, na kikombe kinachoshika ua ni chekundu kama ua lenyewe. Ua huanguka baada ya siku chache, kikombe hubaki. Ndiyo maana mmea huonekana umechanua hata maua yakiwa yamekwisha pukutika. Wekundu huo si wa damu ya mzee, ni wa kaa la moto.

Ya pili ni *Salvia coccinea*, ya Mexico na nchi za jirani. Shina lake ni jembamba, majani yana vinyweleo, maua yamekaa mbalimbali kwenye suke, na kikombe mara nyingi si chekundu. Kwa uzuri hushindwa na mwenzake, lakini kwa uvumilivu humshinda mbali, na ndege chozi huipenda kwa asali yake.

Sasa tutazame nchi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na mvua yake ya mwaka ni kama milimeta 550 hadi 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Kupanda ile ya Brazil uwanjani, ikategemea ndoo zilizobebwa kichwani kutoka mbali, twaonelea ni kumwonea mbebaji. Uwanja na upewe ile ya pili, ipandwe mvua zinapoanza.

Ile ya Brazil ikae katika debe au chungu kilichotobolewa chini, upande wa nyumba upatao jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Udongo uwe wa shamba, uchanganywe na mchanga wa korongo na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maji yaliyooshea mboga au mchele yatosha, yasiyo na sabuni wala chumvi, nayo yamwagwe udongoni, si juu ya majani. Udongo ukikauka juu kwa kina cha kidole, ndipo umwagilie. Wengi huua salvia ya chunguni kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Mbegu zinyunyizwe juu ya udongo laini, zisizikwe, kwa kuwa huota vema zikiona mwanga. Miche hutokea kwa muda wa wiki mbili hivi. Mche ukiwa na majani jozi tatu au nne, kata ncha yake, utoe matawi. Suke lililokwisha likatwe pia, ila yale uliyochagua kwa mbegu. Kila kikombe hubeba mbegu nne tu, nazo zikikomaa hudondoka upesi, basi suke hilo lifungwe kitambaa chepesi kabla halijakauka.