Kasi ya Singeli Haitoki Kwenye Kete

Tangu singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, ianze kupigwa kwenye klabu na matamasha ya Ulaya, sisi tuliotoka pwani tunaulizwa swali moja kila mara: vijana wa singeli wanatumia nini hata wakacheza kwa kasi ile? Anayeuliza mara nyingi hana nia mbaya. Anaujua muziki wa klabu wa kwao, na dawa za kulevya zimo katika historia ya muziki huo. Ila jibu la Manzese, Bunju au Bagamoyo ni tofauti, na inafaa tulijue vizuri kabla ya kumjibu mtu.

Ya wenzetu

Muziki wa house ulizaliwa Chicago miaka ya 1980, kwenye kumbi za vijana weusi. Ulipovuka bahari na kupamba moto Uingereza mwaka 1988, ulikutana na kidonge cha MDMA, kemikali ambayo kampuni ya Merck ya Ujerumani iliiombea hataza tangu 1912. MDMA huufanya ubongo umwage serotonini kwa wingi. Mchezaji anajawa upendo kwa watu asiowajua, uchovu hausikii, na mdundo unaojirudia dakika kumi nzima haumchoshi. Watunzi nao wakaanza kutunga kwa ajili ya mwili ulio katika hali hiyo. Gharama ilikuwepo: dawa hiyo hupandisha joto la mwili, na wapo waliofia ukumbini. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia mikesha ya muziki huo, na mapigo yanayojirudia yakatajwa ndani ya sheria yenyewe.

Ya kwetu

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, watu walikuwa wakitafuta hali ya kujisahau ndani ya mdundo zamani sana kabla ya kidonge hicho. Katika madogoli ya Wazaramo, ngoma ya uganga, mgonjwa hufukizwa, ngoma hupigwa saa nyingi, na fundi anajua ni mdundo gani utampandisha pepo na ni upi utamtuliza. Mdundiko nao huzunguka mitaa, na watu huufuata kwa miguu hadi wakajikuta mbali na kwao. Pombe ilikuwepo, tembo la mnazi hasa, na tusijidanganye kwamba wazee walikuwa hawanywi. Hata hivyo aliyekunywa na asiyekunywa walifika pamoja, kwa sababu kazi ilifanywa na ngoma.

Bagamoyo ina mfano mwingine, na huu hauna hata tone la kilevi. Shehe Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya, aliletwa mjini humo utotoni kutoka Kongo akiwa mtumwa, akaja kuwa kiongozi mkubwa wa twarika ya Kadiria hadi alipofariki mwaka 1931. Zikri ya twarika hiyo, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, ni ibada, na si sahihi kuiita ngoma. Lakini aliyewahi kusimama kwenye duara la zikri anajua kinachotokea watu mia wanapopumua na kuyumba kwa pamoja.

Nguvu hii ya mdundo na ya pamoja, sayansi imeipatia ushahidi kwa njia yake. Mwaka 1980 mtafiti Avram Goldstein wa Marekani aliwapa watu naloksoni, dawa inayofunga milango ya ubongo ambayo heroini huiingilia, kisha akawasikilizisha muziki wanaoupenda. Baadhi yao msisimko ulipungua. Baadaye watafiti wa Oxford walionyesha kwamba watu wanaocheza kwa kufuatana sawasawa huvumilia maumivu zaidi baada ya kucheza, dalili kwamba mwili umetoa dawa zake wenyewe. Kwa hiyo muziki na unga, yaani heroini, hubisha mlango mmoja. Muziki hubisha na kuondoka. Unga huvunja kitasa.

Kasi inatoka wapi basi?

Singeli imetokana na mchiriku, muziki wa uswahilini uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na ngoma kupitia spika zilizochoka. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walipopata kompyuta za bei nafuu, walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza na kuvirudiarudia hadi mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine karibu 300. House huenda kwenye 120 na kidogo. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilipotolewa na lebo ya Nyege Nyege ya Kampala kwenye albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, dunia ikashtuka.

Kasi hiyo ililelewa na vigodoro, shughuli za mtaani zinazokesha usiku wa kuamkia harusi au unyago. Ma-MC wanashindana kwa mistari, madijei wanashindana kwa spidi, na umati wa vijana unamtaka kila mmoja azidishe. Kinachowasukuma ni umri, ushindani, kompyuta na uhaba wa pa kwenda.

Unga ni habari nyingine

Dawa zipo, na kuzificha ni kuwatupa ndugu zetu. Bangi ipo, inayomfanya msikilizaji auone muda umerefuka. Mirungi ipo, inayokesha na mtu na kumkausha usingizi. Gongo ipo. Pombe za viroba zilijaa kila kona hadi serikali ilipozizuia tarehe 1 Machi 2017.

Hatari kubwa kuliko zote ni heroini, inayovuka Bahari ya Hindi kwa majahazi na kushushwa kwenye pwani yetu. Lakini mtazame aliyevuta: anasinzia akiwa amesimama. Heroini hupunguza mapigo na pumzi, haimpi mtu mguu wa singeli. Akikosa kete, yaani kipimo chake cha unga, arosto, yaani mateso ya kuukosa, inamwangusha. Akiipata, muziki haumgusi tena kama zamani, maana ubongo uliozoea unga huona raha nyingine zote ni hafifu. Mwimbaji Ray C, aliyekuwa na sauti iliyopendwa nchi nzima, alijitokeza hadharani kuzungumzia uraibu wake na tiba aliyoipata. Alilipunguzia aibu jambo ambalo familia nyingi zilikuwa zikilifungia chumbani.

Tiba ipo. Kliniki ya kwanza nchini ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na nyingine zikafuata. Bagamoyo zipo nyumba za upataji nafuu, tunazoziita sober house, ambako vijana wa Dar na kwingineko hukaa miezi kadhaa wakijifunza kuishi tena.

Kwa hiyo ukiulizwa wanatumia nini, jibu kwamba wanatumia ngoma, na ueleze ngoma hiyo imetoka wapi. Na kama nyumbani yupo kijana anayekula unga, usiilaumu singeli na usimtumie pesa mkononi. Ongea na familia, lipia kitanda cha sober house moja kwa moja, au mtafutieni kliniki ya methadoni iliyo karibu. Uraibu ni ugonjwa, na ugonjwa unatibika.