Intel ilifunga voltaje ya ordinatere, wenyewe wanaifungua kwa hatari yao

Tangu Desemba 2019, watu wengi wenye ordinatere za kubeba zenye prosesa za Intel hawawezi tena kupunguza voltaje ya mashine zao. Mwezi huo, watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza Plundervolt: voltaje ikishushwa kwa kipimo fulani, prosesa inakosea hesabu na siri zinazolindwa ndani ya sehemu yake ya SGX zinaweza kuvuja. Intel ikatoa marekebisho ya kuifunga.

Lakini wengi walikuwa wanaishusha ili mashine isipate joto tu. Tena, mwenye kushambulia hivyo lazima kwanza awe ameshika mamlaka yote ya ordinatere.

Ndiyo sababu wengine wanaingilia BIOS, programu inayoamsha mashine. Mara nyingi chaguo la voltaje bado limo, limefichwa tu. Wanatafuta mahali lilipoandikwa na kubadili 1 kuwa 0. Hapo wanaweza hata kupandisha voltaje, kama prosesa yenyewe inakubali.

Wakikosea mahali, skrini inaweza kubaki nyeusi. Fundi atabana chipu ya miguu 8 kwa kifaa cha CH341A na kurudisha BIOS ya zamani, kama mwenyewe aliweka nakala.