Bei ya Asubuhi, Mteja wa Mchana

Winga, yule dalali wa mtaani wa Kariakoo, hana fremu ya duka. Simu ndiyo duka lake. Mteja akimsimamisha pale Msimbazi na Uhuru kuulizia vitenge, anafungua programu ya muuzaji wa jumla na kushusha orodha kwa kidole. Ana sekunde chache tu. Orodha ikikaa nyeupe, kiduara kikizunguka katikati, mteja ameshavutwa mkono na winga mwingine.

Nimetengeneza orodha za namna hii, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuilazimisha programu iende seva kila inapofunguliwa, kabla haijaonyesha chochote. Ofisini, penye Wi-Fi, ilipendeza. Kwenye korido za chini za ghorofa za maduka haikufaa kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Programu ya aina ile siku kama hiyo haina cha kuonyesha, wakati bei za jana zingeweza kulala ndani ya simu bila tabu: orodha ya bidhaa elfu moja, bila picha, ni ndogo kuliko picha moja ya kamera.

Mwenye fremu analijua hili tangu zamani. Dukani ametundika sampuli, mzigo uko stoo. Mteja anaona kwanza, kijana anatumwa stoo, na maongezi ya bei yanaendelea. Programu nayo isome kwanza akiba ya simu, mathalani iliyohifadhiwa kwa hifadhidata ya SQLite, iichore orodha papo hapo, kisha kazi ya pembeni iende seva. Nasisitiza: ya pembeni. Skrini nyingi hujichora mara 60 kwa sekunde, yaani kila mchoro una milisekunde 16 hivi. Anayechora ukimpa na kazi ya kungoja seva, orodha inaganda chini ya kidole.

Wala safari ya seva si lazima ile bando. Seva huipa orodha alama ya toleo, iitwayo ETag. Simu ikirudi inaitaja alama hiyo, na kama hakuna kilichobadilika inajibiwa kwa namba 304, bila orodha kutumwa upya. Kikibadilika kitu, ibadilishwe mistari husika tu. Ukipangua orodha nzima, kidole kilichokuwa kinaelekea kwenye doti ya kanga kinaangukia kwenye dera.

Kinachonikosesha usingizi ni picha. Simu haitengenezi mistari elfu kwa bidhaa elfu. Inayo michache, ya kujaza skrini na ziada kidogo. Mstari ukipotelea juu, unarudishwa chini umevishwa bidhaa nyingine. Zana za kuonyesha orodha, UITableView ya iPhone na RecyclerView ya Android, zote hufanya hivyo. Sasa picha ya kitenge chekundu imeombwa, mtandao ni mzito, na inawasili wakati mstari wake umeshapewa kitenge cha bluu. Isipozuiwa inakaa hapo hapo: bei ya bluu, sura ya nyekundu. Winga anaituma WhatsApp kwa mteja wa Mbeya, mzigo unapanda basi, unafika sio. Hasara ni yake, na walioisababisha ni sisi waandishi wa programu. Kabla ya kubandika picha, programu ijiulize kama mstari huo bado ni wa bidhaa ileile. Kama sivyo, picha iwekwe akiba isubiri zamu yake.

Bei ya kulipia, hiyo sikubali itoke akiba. Juu ya orodha iandikwe wazi, "Bei za leo saa 2 asubuhi", na winga, anayejua bei hupanda mchana, atapima mwenyewe namna ya kuongea na mteja. Lakini akibonyeza kununua, seva iulizwe wakati huohuo. Mtandao ukikosekana, aambiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Bei haijathibitishwa. Mpigie mwenye duka." Namba ya mwenye duka ionekane papo hapo, kutoka akiba.