Chanjo ya Mafua: Je, Mfamasia Amchanje Mtoto?

Homa ya mafua si kamasi za kawaida. Huja kwa ghafula, na kwa mtoto mdogo yaweza kuleta nimonia. Chanjo yake ipo, nayo hurudiwa kila mwaka, kwa sababu virusi vyake hubadilika. Lakini ni nani amchome mtoto sindano?

Marekani swali hili lilizuka mwaka 2020. Wakati wa korona wazazi wengi waliacha kuwapeleka watoto kwa daktari, na chanjo zikapungua. Mwezi wa Agosti Serikali ya huko iliwaruhusu wafamasia waliofunzwa kuwachanja watoto wa miaka 3 hadi 18. Chama cha madaktari wa watoto kilipinga.

Wazazi wanaokubali husema kwamba duka la dawa li karibu, hufungwa usiku, na hakuna foleni ndefu. Wasiokubali husema kwamba daktari humjua mtoto wao, humpima uzito, na huona ugonjwa mwingine uliojificha. Pande zote mbili zina haki.

Msomaji, wewe mfugaji wajua kwamba chanjo ya kuku ikiachwa juani haifai tena. Ya mtoto ni vivyo hivyo. Basi popote utakapompeleka, uliza mambo haya:

1. Je, mchanjaji ana leseni, na amefunzwa kuchanja watoto?

2. Je, chanjo imewekwa katika friji yenye baridi ya digrii 2 hadi 8?

3. Je, iko dawa ya adrenalini tayari, mtoto akidhurika ghafula? Baada ya sindano ngoja pale dakika 15.

4. Je, ataandika chanjo katika kijitabu cha mtoto? Bila maandishi, mwingine hatajua aliyopewa.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hachanjwi mafua. Aliye chini ya miaka 9, akichanjwa mara ya kwanza, hupewa sindano mbili, zikiachana wiki 4 au zaidi. Mkono ukiuma kidogo au joto likipanda siku moja au mbili, usiogope: sindano hiyo haina virusi hai, wala haiwezi kumpa mafua.

Tena usiache kliniki. Chanjo za surua, polio na nyinginezo za utoto hutolewa huko, na mtoto hupimwa uzito. Duka la dawa laweza kusaidia kliniki. Haliwezi kushika mahali pake.