KOMPYUTA IKIGANDA, ANZA NA DAFTARI

Na Bwana Shamba

Mkulima akiniita shambani na kusema, "Mahindi yangu yamekuwa ya manjano," simwambii papo hapo akanunue dawa. Kwanza namwuliza maswali. Manjano yameanza majani ya chini au ya juu? Yameanzia kwenye ncha ya jani, au ni mistari myembamba jani zima? Ulipanda lini?

Kama manjano yameanzia ncha za majani ya chini na kufuata katikati ya jani, mara nyingi mahindi hayo yana njaa ya naitrojeni. Yanataka mbolea. Kama ni mistari myembamba kwenye majani machanga, huenda ni ugonjwa wa milia. Huo huenezwa na wadudu wadogo wanaorukaruka. Mahindi hayo hata ukiyamwagia mfuko mzima wa mbolea hayaponi. Rangi ni moja, lakini vyanzo ni viwili.

Haya nimeyafundisha vijijini kwa miaka 18. Lakini mwaka 2024 niliyasahau, tena nyumbani kwangu mwenyewe.

Kompyuta yaingia nyumbani

Tarehe 28 Septemba 2024 nilinunua kompyuta mpya mjini Morogoro. Ni ile ya kuweka mezani. Ina kioo cha kutazamia, kibodi ya kuandikia, kipanya cha kuongozea, na sanduku lenye mitambo yenyewe. Duka lilinipa risiti na waranti ya miezi 3. Maana ya waranti ni kwamba kompyuta ikiharibika katika muda huo bila kosa langu, duka litaitengeneza bila malipo. Niliipakia kwenye basi, tukaja nayo kijijini kwa barabara yenye mashimo.

Mke wangu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi kina wanachama 30. Kila juma wananunua hisa, na kila Desemba wanagawana fedha zao. Hesabu zote zimo katika daftari kubwa la kikundi. Tuliona vizuri kuziingiza pia katika kompyuta, ili ijumlishe upesi.

Juma la pili kompyuta ikaanza kuganda. Kuganda ni hivi: Picha inabaki kwenye kioo kama picha ya ukutani. Kipanya hakisogei. Ukibonyeza herufi, haiandikiki. Feni iliyo ndani ya sanduku inaendelea kuvuma, lakini mashine haikusikii tena.

Mwezi Oktoba wanakikundi walikuja nyumbani kuona hesabu zao. Mke wangu alipofika jina la kumi, kompyuta ikaganda. Mama mmoja akasema, "Leo imeganda kompyuta. Siku ya kugawana, fedha zetu nazo zitaganda?"

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Mweka hazina akishaanza kutiliwa shaka, kikundi hakina maisha marefu.

Kosa langu

Mimi nilisema, "Hivi ni virusi." Sikupima kitu. Nilisema tu.

Virusi vya kompyuta si wadudu, wala havimwambukizi mtu. Ni maagizo mabaya yaliyoandikwa na watu ili kuvuruga kompyuta au kuiba yaliyomo. Huingia kwa njia ya flashi iliyopita katika mashine nyingi, au kwa njia ya mtandao. Kweli virusi vinaweza kugandisha kompyuta. Lakini si kila homa ni malaria.

Nilimwita kijana mmoja fundi. Akafuta kila kitu katika kompyuta, akapanga programu upya. Nikamlipa shilingi 30,000. Kesho yake kompyuta ikaganda vilevile. Tena hesabu zote tulizoandika kwa siku 3 zilikuwa zimefutika, maana sikuweka nakala yake mahali pengine. Kilichotuokoa ni lile daftari kubwa la kikundi.

Usiku ule mke wangu aliniambia, "Baba watoto, mkulima akikuletea jani moja unamwuliza maswali kumi. Mashine hii ya fedha nyingi hukuiuliza hata swali moja."

Nilinyamaza. Alikuwa amesema kweli.

Tunaiuliza kompyuta

Asubuhi tulichukua daftari jipya la shule. Tukachora mistari. Tukaandika: Siku. Saa. Kazi iliyokuwa ikifanyika. Dalili. Kitu tulichobadilisha. Tukakubaliana jambo moja kubwa: tutabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiweka mbolea, dawa na maji siku moja, hutajua kilichoponya shamba ni kipi.

Katika siku 10 kompyuta iliganda mara 11. Daftari likatuonyesha jambo ambalo macho yetu hayakuliona. Mara 8 ilikuwa kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni. Mara 3 tu ilikuwa alfajiri au usiku, wakati hewa ni baridi.

Tukajiuliza, mchana kuna nini? Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Nyumba yetu ni ya mabati, na ule ulikuwa mwezi wa Novemba.

Kompyuta ikifanya kazi, ubongo wake hupata joto kali. Nyingi hujipunguzia kasi joto la ubongo huo likikaribia nyuzi 100 za Sentigredi. Joto likizidi, mashine inaweza kuganda au kujizima. Ndiyo sababu sanduku lina matundu, na ndani lina feni ya kutoa hewa ya moto. Sisi tulikuwa tumelifunika kwa kitambaa kizuri cha kufuma ili lisiingie vumbi. Mgongo wake tuliubana ukutani. Pembeni palikuwa na gunia la pumba za kuku, na feni ilikuwa ikivuta vumbi lake.

Kwanza tuliondoa kitambaa peke yake. Kuganda kwa mchana kukapungua. Baada ya siku 3 tuliisogeza kompyuta mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja. Kukapungua zaidi. Kisha tukaondoa gunia la pumba, tukapangusa vumbi kwenye matundu kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa. Kuganda kwa mchana kukakoma.

Nilifurahi. Nikataka kufunga daftari. Lakini alfajiri moja, kabla jua halijachomoza, ikaganda tena.

Chanzo cha pili

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Husema, "Kumbe joto halikuwa na kosa." Lakini joto lilikuwa na kosa, ila halikuwa peke yake. Shamba moja laweza kuwa na njaa ya mbolea na ugonjwa wa milia kwa pamoja.

Tuliendelea, kitu kimoja kimoja. Tulichomoa flashi na printa, maana kifaa kibovu kilichochomekwa chaweza kuigandisha kompyuta nzima. Iliganda bado. Tukashuku umeme. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230, lakini mashine ya kusaga ikiwashwa taa zetu hufifia. Mwalimu mkuu alituruhusu kuipeleka kompyuta ofisini kwake, ambako kuna stabilaiza ya kutuliza umeme. Asubuhi ya pili ikaganda pale pale shuleni. Tukaandika katika daftari: "Si umeme wa nyumbani."

Ikabaki kupima kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Nitaieleza kwa mfano. Ndani ya kompyuta mna diski. Diski ni ghala, huhifadhi mambo hata umeme ukizimwa. Lakini huwezi kupepeta mahindi ndani ya ghala. Unayatoa, unayamwaga mkekani, unafanya kazi, kisha unayarudisha. Ramu ndiyo mkeka. Mkeka ukiwa na tundu, punje huanguka na hesabu huharibika. Hitilafu ya namna hii haichagui mchana wala usiku.

Kompyuta yetu hutumia programu ya Windows, na Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu. Tulikiwasha, tukasubiri. Kikatuambia kwamba mna kasoro.

Siku dukani

Tarehe 9 Desemba 2024 nilirudi dukani na kompyuta, risiti na daftari. Zilibaki siku 19 tu waranti kwisha.

Muuzaji alisema, "Umeme wa vijijini ndio ulioiharibu. Hiyo si juu yetu." Sikugombana naye. Nilifungua daftari mbele yake. Nilimwonyesha siku, saa, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Nilimwonyesha mahali tulipoandika kwamba iliganda hata shuleni kwenye stabilaiza. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kisha akamwita fundi wake.

Ile karatasi ya duka iliyobandikwa kwenye sanduku ilikuwa nzima. Kama ingechanika, wangesema tumeifungua wenyewe, na waranti ingekufa hapo.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba mashimo ya barabara yalilegeza kitu ndani. Fundi alivitoa vipande viwili vya ramu, akavifuta, akavikaza vizuri. Akapima. Kasoro bado ipo. Basi barabara haikuwa na kosa, na hakika yangu ilikuwa bure. Akapima kipande kimoja kimoja peke yake. Cha kwanza kizima. Cha pili kibovu. Wakanipa kingine kipya, bila malipo.

Siku ya kugawana, kompyuta ilisoma jina la kwanza mpaka la 30 bila kuganda. Jumla yake ililingana na jumla ya daftari kubwa, shilingi kwa shilingi. Yule mama wa Oktoba alizitazama zote mbili, akasema, "Sasa naziamini zote. Ila daftari halihitaji umeme." Safari hii mke wangu naye alicheka.

Kompyuta yako ikiganda fanya hivi

1. Usiipige, wala usichomoe waya haraka. Ngoja dakika 5. Pengine inafanya kazi nzito tu.

2. Bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi. Kama kina taa, na taa inawaka na kuzimika, mashine bado i hai. Yaelekea ni programu moja iliyokwama. Kama taa haibadiliki, huenda mashine nzima imeganda.

3. Kama i hai, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na Delete. Kwenye Windows utaona orodha. Chagua Task Manager, kisha funga programu iliyokwama.

4. Ikishindikana, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 mpaka izimike. Kazi ambayo hukuihifadhi itapotea. Ngoja kidogo, kisha iwashe.

5. Andika siku, saa, kazi na dalili. Usitegemee kichwa.

6. Angalia hewa. Usiifunike ikiwa inafanya kazi. Usiibane ukutani. Usiiweke karibu na jiko, unga au pumba.

7. Chomoa flashi na vifaa vingine, uone kama itatulia. Angalia pia kama diski imejaa, na pima virusi.

8. Badilisha kitu kimoja, ngoja siku chache, andika matokeo. Ndipo uende kwenye kitu kingine.

9. Weka nakala ya kazi zako kwenye flashi nyingine. Usikubali fundi afute kitu kabla ya kuweka nakala.

10. Tunza risiti. Usilifungue sanduku lenye waranti. Kuna sehemu ya kupokea umeme ndani yake ambayo huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima. Wako wanaosema kwamba kompyuta ni kazi ya wasomi wakubwa. Mimi nina cheti cha kilimo tu, na mke wangu alimaliza darasa la saba. Ndani ya ile mashine hatukugusa hata skrubu moja. Tuliangalia, tukaandika, tukasoma tulichoandika. Kazi hiyo hata wewe unayesoma ukurasa huu unaiweza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini yule kijana fundi hakuiponya kompyuta?

2. Daftari lilionyesha jambo gani kuhusu saa za kuganda?

3. Kwa nini tulibadilisha kitu kimoja kimoja?

4. Je, katika kikundi chenu hesabu zimeandikwa mahali pangapi? Kimoja kikipotea, kingine kipo wapi?